Vitundu kwenye Shingo ya Mfupa wa Paja

Shika mfupa wa paja uliokaushwa, ule wa maabara. Macho ya kila mtu hukimbilia kichwa chake, kile kitufe cha mviringo kinachoingia kwenye nyonga, kisha urefu wake, maana hakuna mfupa mrefu kuliko huo mwilini. Naomba ushuke kidogo. Chini ya kichwa pana shingo, na ukiielekeza kwenye mwanga na kuigeuza polepole utaona imetobolewa vitundu vidogo, vingine vyembamba kiasi kwamba hata ncha ya sindano haipenyi. Wanafunzi wengi huvipita bila kuviona. Lakini vitundu hivyo ndivyo vinavyoamua kama mzee aliyeanguka bafuni atafungwa skrubu au atawekewa kichwa cha chuma.

Mfupa wa maabara unadanganya. Ni mkavu, mwepesi, umetulia mezani ukisubiri majina yake yakaririwe. Nilipoanza kusoma anatomia nilikariri kwelikweli: mifupa 206 ya mtu mzima, 80 ya mhimili wa mwili, yaani fuvu, uti wa mgongo, mbavu na kidari, na 126 ya mikono na miguu pamoja na mifupa ya bega na fupanyonga inayoishikilia. Nikajua kwamba zaidi ya nusu ya yote, mifupa 106, iko kwenye viganja, vifundo vya mikono na nyayo. Siku za mwanzo wodini nikakutana na swali ambalo orodha yangu haikulijibu: kwa nini wagonjwa wawili waliovunjika mfupa uleule, sehemu zilizoachana kwa upana wa vidole viwili, wanapewa matibabu tofauti kabisa? Jibu lilikuwa kwenye damu. Tangu hapo kila mfupa nauuliza mambo mawili kabla ya jina lake: damu inakuingilia wapi, na ni kitu gani kinapita ubavuni mwako?

Tuelewane kwanza kwa maneno

Kiswahili cha kila siku ni kitamu, lakini anatomia inakidai usahihi zaidi. Neno "mshipa" peke yake limebeba mzigo mkubwa. Kuna mshipa wa damu, kuna mshipa wa fahamu, na mgonjwa akisema "mshipa umekaza" mara nyingi anazungumzia msuli au kano. Humu nitasema mshipa wa damu ninapomaanisha damu, na neva ninapomaanisha mshipa wa fahamu.

"Kano" nayo ina sura mbili. Ipo inayofunga msuli kwenye mfupa, kama ile nene unayoishika nyuma ya kifundo cha mguu, juu ya kisigino. Ipo inayofunga mfupa kwa mfupa mwenzake ili kiungo kisiachane. Ya kwanza huvuta, ya pili huzuia. Ikikatika ya kwanza, mgonjwa anashindwa kufanya tendo fulani; ikikatika ya pili, kiungo kinacheza kupita mipaka yake. Ukizichanganya utapima kitu kisicho.

Halafu kuna "kuteguka". Mtu aliyekanyaga vibaya akavimba kifundo cha mguu atakwambia ameteguka, na mtu ambaye bega lake limetoka kabisa kwenye tundu atakwambia hivyohivyo. Kwa daktari hayo ni mambo mawili: la kwanza ni kano kuvutika au kuchanika huku mifupa ikiwa palepale, la pili ni mfupa kuhama. Mkono na mguu ni hivyohivyo. "Naumwa mkono" inaweza kuwa popote kuanzia begani hadi ncha ya kidole, kwa hiyo mwambie akuoneshe kwa kidole kimoja. Kidole kimoja kinachoelekeza hufupisha maswali kumi.

Kitu kilicho hai

Kuna jaribio la zamani ambalo kila anayejifunza mifupa angefaa kuliona. Loweka fibula, ule mfupa mwembamba ulio kando ya muundi, kwenye asidi kwa siku kadhaa. Asidi inayeyusha madini, umbo linabaki lilelile, lakini sasa mfupa unapindika na unaweza kuufunga fundo kama kamba. Chukua mwingine uuchome hadi uwe mweupe. Huu umepoteza kolajeni na kubaki na madini. Umbo ni lilelile tena, ila ukiubonyeza unamong'onyoka. Mfupa mzima ni ndoa ya vitu hivi viwili. Takribani theluthi mbili ya uzito wake ni madini, hasa ya kalsiamu na fosfeti, yanayoupa ugumu. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni nyuzi za kolajeni zinazouzuia usikatike kama chaki. Mfupa wa mtoto una unyumbufu zaidi, ndiyo maana mara nyingi hupasuka upande mmoja na kupinda upande wa pili, sawasawa na kijiti kibichi.

Ndani ya mchanganyiko huo zinaishi seli. Osteoblasti hujenga. Osteoklasti hula mfupa uliochakaa. Osteositi ni wajenzi wa zamani walionaswa ndani ya kile walichokijenga. Wamekaa kwenye vyumba vidogo, wanahisi mzigo unaoukandamiza mfupa na kutoa taarifa. Kwa kazi hiyo isiyokoma, takribani sehemu moja ya kumi ya mifupa ya mtu mzima hufanywa upya kila mwaka. Mshike osteoklasti kichwani, maana tutamhitaji mwishoni.

Seli hizo zinalishwaje ndani ya kitu kigumu hivyo? Ganda la nje la mfupa mrefu limejengwa kwa nguzo nyembamba zilizopangwa kwa urefu, kila moja na upana wa takribani milimita 0.2, na katikati ya kila nguzo pana mfereji unaopitisha mishipa ya damu. Mwaka 1691 daktari Mwingereza Clopton Havers aliieleza mifereji hiyo, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Kwa mpangilio huo hakuna seli iliyo mbali na damu. Ncha za mfupa nazo zimejaa mfupa wa matundu kama sifongo, na uboho umekaa humo.

Usidhani matundu ya sifongo hiyo yamekaa ovyo. Katika miaka ya 1860 mwanaanatomia Hermann von Meyer na mhandisi Karl Culmann, wote wakiwa Zurich, waliona kwamba vijiti vidogo vilivyomo ndani ya kichwa na shingo ya mfupa wa paja vinafuata mistari ya nguvu ambayo mhandisi angeichora kwenye winchi ya kunyanyulia mizigo. Mwaka 1892 Julius Wolff wa Berlin aliikusanya hoja hiyo kuwa kanuni: mfupa hujijenga pale unapobebeshwa mzigo, na hujipunguza pale usipobebeshwa. Mgonjwa aliyelazwa kitandani muda mrefu anapoteza mifupa kwa sababu hiyohiyo.

Sasa rudi kwenye swali la damu. Mfupa mrefu una ateri kuu ya lishe, yaani mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, inayoingia kupitia tundu kwenye kigogo chake, ile sehemu ndefu ya katikati. Ukilipapasa tundu hilo utagundua limeingia kwa mshazari. Kwenye mkono matundu yanaelekea kiwiko. Kwenye mguu yanakimbia goti. Hiyo si bahati nasibu. Ncha inayokua zaidi ndiyo ambayo tundu huelekea mbali nayo, na kwenye mguu ukuaji mwingi uko karibu na goti. Mtoto anayeumia bamba la ukuaji, ule ukanda ulio karibu na ncha ambako mfupa hurefukia, lililo upande wa chini wa mfupa wa paja yuko hatarini kupoteza urefu mwingi kuliko anayeumia lile la juu, kwa sababu la chini ndilo linaloleta takribani asilimia 70 ya urefu wa mfupa huo.

Mabamba hayo ni gegedu, tishu laini kuliko mfupa, na kwa mtoto ni dhaifu kuliko kano zinazouzunguka kiungo. Ajali ambayo ingemchana mtu mzima kano inaweza kumvunja mtoto bamba la ukuaji. Madaktari Salter na Harris walizigawa ajali hizo katika aina 5 mwaka 1963, na mgawanyo wao bado unatumika kila siku. Kiini chake ni rahisi: ufa unaopita kandokando ya bamba kwa kawaida una matumaini, ufa unaolikata bamba na kuingia kwenye kiungo unadai kupangwa sawasawa, na bamba lililosagwa ni la kuogopwa ingawa picha ya mwanzo inaweza kuonekana safi.

Tusisahau utando wa nje. Mfupa umevikwa ngozi nyembamba yenye mishipa ya damu, neva nyingi na seli zinazoweza kugeuka wajenzi. Maumivu makali ya kuvunjika hutoka hapo kwa kiasi kikubwa, na uponyaji pia. Damu huganda penye ufa, halafu unajengwa mfupa laini wa muda, unakuwa mgumu, kisha osteoklasti na osteoblasti wanauchonga kwa miezi hadi miaka. Ngozi ikikatika huacha kovu; mfupa ulioungwa vizuri huweza kurudi kuwa mfupa uleule.

Vidole viwili kwenye nyonga

Sasa tuvirudie vile vitundu. Kichwa cha mfupa wa paja kimezama ndani ya tundu la fupanyonga, na kiungo chote kimefungwa ndani ya mfuko mgumu wa nyuzi. Mbele, mfuko huo unashuka hadi pale shingo inapokutana na kigogo. Kwa hiyo karibu shingo yote iko ndani ya mfuko, na kichwa chote pia.

Damu itafikaje kichwani? Juu haiwezi kupita kwa wingi, maana kichwa kimefunikwa gegedu, na gegedu haina mishipa ya damu. Ndani ya tundu ipo kano fupi inayokuja na ateri ndogo, lakini kwa mtu mzima mchango wake ni mdogo. Inabaki njia moja ya kuaminika. Ateri inayozunguka paja kwa upande wa ndani hutengeneza, pamoja na mwenzake wa upande wa nje, duara kwenye kitako cha shingo, kisha matawi membamba hupanda kwa kuambaa juu ya shingo, chini ya utando wa kiungo, na kuzama kwenye vitundu ulivyoviona. Yamelala juu ya mfupa kabisa, hayana pa kukwepea.

Shingo ikivunjika na vipande vikahama, matawi hayo yanavutwa, yanakunjwa au kukatika. Kichwa kinabaki kisiwani. Kinaweza kufa polepole na kubonyea baada ya miezi au miaka, wakati ufa wenyewe pengine ulishaunga. Zaidi ya hapo, shingo haina ule utando mzuri wa kujenga mfupa unaopatikana kwenye kigogo. Ndiyo maana mzee ambaye shingo imevunjika na kuhama kwa kawaida hubadilishiwa kichwa, au kiungo kizima, ili asirudi chumba cha upasuaji mara ya pili. Kijana hupewa nafasi ya kufungwa skrubu haraka, kwa kuwa kichwa chake mwenyewe kinastahili kupiganiwa.

Teremka sasa upana wa vidole viwili, nje ya mfuko, kwenye eneo kati ya vile vinundu viwili ambavyo misuli hujishikiza. Hapa mfupa ni sifongo nene, misuli imeuzunguka, damu imejaa tele. Mgonjwa aliyevunjika hapa hupoteza damu nyingi zaidi, na mguu wake huonekana mfupi na umegeukia nje zaidi, lakini kichwa chake kiko hai na mfupa huunga. Anawekewa chuma cha kushikilia, na kichwa kinaachwa. Hili ndilo swali lililonishinda wodini. Picha mbili za eksirei zinazofanana kwa jicho geni, na kati yake pana mpaka wa mfuko.

Kiungo hulipa kwa kila mwendo

Kuna viungo visivyosogea, kama mishono ya fuvu, na vipo vinavyosogea kidogo, kama vile kati ya pingili za mgongo. Vinavyomshughulisha zaidi daktari wa mifupa ni vile vyenye nafasi ndani, ute, gegedu na mfuko. Humo kila kiungo kimefanya biashara yake: uhuru wa kuzunguka hununuliwa kwa uthabiti.

Nyonga imechagua uthabiti. Kuitoa mahali pake kunahitaji nguvu kubwa, mathalani goti la abiria kugonga dashibodi. Mara nyingi kichwa hutoka kwa nyuma, mguu unafupika na kugeukia ndani, na neva kubwa ya nyuma ya paja iko hapohapo ikikandamizwa. Zaidi ya yote, ile njia nyembamba ya damu imebanwa. Kichwa kinapaswa kurudishwa upesi, lengo likiwa ndani ya saa 6.

Bega limechagua uhuru. Kichwa chake kimekaa kwenye kitundu kisicho na kina, mfano wa mpira juu ya kisahani. Kinachokizuia kisianguke ni ukingo wa gegedu, mfuko uliolegea, na misuli minne inayokikumbatia kutoka mbele, juu na nyuma. Chini na mbele ulinzi ni hafifu, na bega likihama, mara zaidi ya 9 katika 10 hutokea mbele. Kabla hujalirudisha, gusa ngozi ya upande wa nje wa bega na uulize kama anahisi. Neva inayozunguka shingo ya mfupa wa mkono wa juu hupita hapo chini, na ni muhimu ujue hali yake kabla mikono yako haijafanya lolote.

Goti ni habari nyingine, na limezungukwa na imani moja inayosumbua: kwamba maumivu ya uzeeni yanatokana na "ute kukauka". Goti zima kwa kawaida lina ute usiojaza hata kijiko cha chai. Goti lililosagika mara nyingi huwa na ute mwingi kupita kawaida, na ndiyo maana linavimba. Kilichopungua ni gegedu, ile ngozi nyeupe yenye kung'aa ya unene wa milimita chache inayofunika ncha za mifupa. Gegedu haina damu wala neva. Hula kwa kukamuliwa na kuachiwa, mfano wa sifongo: unapokanyaga inabanwa, unaponyanyua mguu inanyonya ute wenye lishe. Goti lisilotembeshwa linanyimwa chakula. Kwa kuwa gegedu haionekani kwenye eksirei, tunaipima kwa nafasi iliyobaki kati ya mfupa na mfupa.

Mchezaji aliyepindisha goti analeta somo la damu kwa namna nyingine. Muulize goti lilivimba lini. Likivimba ndani ya saa moja au mbili, ndani kuna damu, na mtuhumiwa wa kwanza ni kano ya mbele iliyopishana na mwenzake katikati ya goti, kwa sababu ina mishipa yake ya damu. Likivimba kesho yake, kwa kawaida ni ute, na mtuhumiwa ni meniski, mojawapo ya zile kabari mbili za gegedu zilizolala kati ya paja na muundi. Meniski ina damu kwenye ukingo wa nje tu. Ikichanika ukingoni inaweza kushonwa ikapona. Ikichanika ndani kabisa, uzi hauisaidii sana, maana hakuna damu ya kuunganisha.

Kinachopita ubavuni

Swali la pili nitalipita kwa haraka, kwa kuwa jibu lake hukaririka kwa mikono. Neva ziko salama zinapopita katikati ya misuli. Hatari ni pale zinapougusa mfupa. Katikati ya mfupa wa mkono wa juu, neva moja huuzunguka kwa nyuma. Mfupa ukivunjika hapo, mgonjwa anaweza kushindwa kuinua kifundo cha mkono, kiganja kikaning'inia. Nyuma ya kinundu cha ndani cha kiwiko ipo ile inayokushtua ukijigonga. Chini kidogo ya goti, upande wa nje, nyingine inapita shingoni mwa fibula, chini ya ngozi tupu. Plasta iliyobana hapo inatosha kumwacha mtu akiburuza unyayo. Papasa zote kwenye mwili wako mwenyewe leo. Muundi nao upapase: uso wake wa mbele kwa ndani umefunikwa na ngozi peke yake, kwa hiyo ukivunjika hutoboa nje kwa urahisi, na theluthi yake ya chini, isiyo na misuli ya kutosha kuuletea damu, huunga kwa kuchelewa.

Nimeuacha mfupa mdogo niupendao mwisho. Nyoosha kidole gumba kwa nguvu. Kwenye kitako chake kano mbili zinainuka, na kati yake kuna kibonde. Bonyeza humo: kigumu unachokigusa ni skafoidi, mmoja wa mifupa 8 ya kifundo cha mkono. Mtu akianguka na kujizuia kwa kiganja, huu ndio huvunjika mara nyingi kati ya hiyo minane. Damu yake huingia hasa kwa ncha iliyo karibu na vidole, kisha hurudi nyuma kuelekea mkononi. Ufa ukipita kiunoni mwa skafoidi, yaani katikati yake, nusu ya nyuma inakatiwa njia, hadithi ileile ya kichwa cha paja katika mfupa wenye ukubwa wa korosho.

Tatizo ni kwamba eksirei ya siku ya kwanza mara kadhaa haioneshi kitu. Mgonjwa anaumia ukibonyeza kile kibonde, picha ni safi, na kishawishi cha kumwambia aende nyumbani ni kikubwa. Usifanye hivyo. Mfunge mkono kana kwamba umevunjika, kisha mrudishe baada ya siku 10 hadi 14 umpige picha nyingine. Kufikia wakati huo osteoklasti wameshakula kingo za ufa, umepanuka, na mstari mweusi ambao haukuwapo siku ya kwanza unaonekana kiunoni mwa skafoidi.